Tunavyochapia Kiingereza, na kwa nini kosa lenyewe linaanzia kwenye Kiswahili

Kila baada ya muda inazunguka klipu ya mtu kaulizwa swali kwa Kiingereza akachapia, basi siku mbili tatu watu hawana habari nyingine, ni kucheka na kuigiza alivyosema. Katikati ya hizo kelele huwa wapo wanaouliza maswali ya maana kabisa, sasa hapo alitakiwa asemeje, "I didn't went" kosa lake nini wakati mambo yenyewe yalikuwa jana, hiyo "the" inawekwa wapi na kwa nini mahali pengine haiwekwi, na hao ndo hawajibiwi, wanaambiwa warudi shule. Shule wameenda. Mtoto wa shule ya serikali Tanzania anasoma masomo yake kwa Kiswahili msingi yote, akiingia kidato cha kwanza historia imegeuka Kiingereza, baiolojia Kiingereza, hesabu Kiingereza, na mara nyingi hakuna aliyekaa naye chini akamwonyesha hizi lugha mbili zinaachana wapi.

Ninachoamini ni kwamba makosa yetu mengi hayatokani na ujinga. Yana mpangilio. Mtu wa Mtwara na mtu wa Mombasa hawajawahi kuonana lakini wanachapia palepale, na ukichunguza unakuta Kiingereza pale kinataka kitu ambacho Kiswahili hakina, au Kiswahili kinacho ila kimekiweka sehemu nyingine. Ukishajua Kiswahili chako kinafanya nini, kosa unaliona linakuja kabla halijatoka mdomoni.

Tuwekane sawa kwanza kwenye maneno machache. Kitenzi ni neno la kutenda, soma, lala, piga. Nomino ni jina la kitu au mtu, kiti, mwalimu, sukari. Kiambishi ni kile kipande kidogo kinachobandikwa kwenye neno kikaongeza maana, kama m- na wa- kwenye mtu na watu, au -li- kwenye alisoma. Sarufi ni utaratibu wa jinsi hivyo vyote vinavyopangana. Hayo yanatosha.

Sasa chukua neno moja tu, hatukumwona. Ha- inakataa, -tu- ni sisi, -ku- inasema ilikuwa wakati uliopita, -mw- ndiye huyo tusiyemwona, halafu -on- ndo kuona kwenyewe na -a inafunga. Mwingereza hawezi kulisema hilo kwa neno moja, lazima atandaze maneno matano, "We did not see him", na kila neno lina mahali pake pa kukaa. Sisi tunambebesha kitenzi kila kitu, nani, lini, nani katendwa, ndiyo au hapana, wao wamevitoa nje vikawa maneno yanayosimama peke yake. Karibu kila swali linaloulizwa linaanzia hapo.

Tuanze na hiyo "I didn't went". Mtu kafikiri vizuri tu, jambo ni la jana kwa hiyo "go" iwe "went". Tatizo ni kwamba "did" imeshauchukua ule wakati uliopita. Ni kama konda wa daladala, akishachukua nauli yako njiani hakudai tena ukishuka, na kitenzi kinachokuja nyuma ya "did" kimeshalipiwa, kinabaki kama kilivyo: "I didn't go", "Did you see?", "She didn't eat". Hata "He doesn't knows" ni kosa hilohilo, ile "s" imeshakaa kwenye "does" haiwezi kurudi tena kwenye "know". Na Kiswahili kinafanya vivyo hivyo ila kwa kuwa tumezaliwa nacho hatukioni. Ukikataa "nilienda" unasema "sikuenda", -li- imeondoka, -ku- imekaa mahali pake, hakuna mtu anayesema "sikulienda". Wakati unatajwa mara moja basi.

Linalofuata kwa kuulizwa ni tofauti ya "I saw" na "I have seen". Shuleni tuliambiwa -li- ni "I saw" na -me- ni "I have seen", na kwa sehemu kubwa ni kweli, ila kuna sehemu mbili hiyo kanuni inakuangusha. Ya kwanza ni siku na saa. Kiswahili cha mtaani kinakubali "nimemwona jana", "nimefika juzi", na hakuna anayeshangaa. Kiingereza hakikubali "I have seen him yesterday", kwa sababu hiyo "have" inaangalia sasa hivi, inasema jambo limetokea na bado linahusika na muda huu tunaoongea, na wewe ukishataja jana au saa kumi au mwaka 2015 umelifungia kulekule lilikotokea. Kwa hiyo ukitaja wakati sema "I saw him yesterday", usipotaja sema "I have seen him". Wamarekani wao wameilegeza hii kidogo upande mwingine, watakuambia "I just ate" mahali Mwingereza angesema "I've just eaten", na wote wako sawa.

Ya pili watu wengi hawaijui kabisa na ndo inayotuumbua zaidi. Kiswahili kina vitenzi ambavyo vikipewa -me- havisemi jambo limeisha, vinasema hali ya mtu aliyonayo sasa. Amelala, yaani yuko usingizini saa hizi. Amesimama pale mlangoni. Amevaa suti. Nimechoka, nimeshiba. Sasa mtu anafuata kanuni ya darasani, -me- ni "has", anatoka na "He has worn a suit" na "He has slept" wakati mwenyewe yuko kitandani anakoroma. Kiingereza hapo kinataka hali: "He is wearing a suit", "He is sleeping", "She is standing at the door", "I am tired", "I am full". Ukitaka kutafsiri -me- jiulize kwanza, hapa nasema jambo limetokea au nasema mtu yuko katika hali gani? Jibu likiwa hali gani, achana na "have".

Na -na- nayo ina yake, kwa sababu inabeba linaloendelea sasa hivi na la siku zote kwa pamoja. "Anauza samaki" inaweza kuwa yuko pale mezani anauza, inaweza kuwa ndo kazi yake hata kama leo amelala nyumbani. Kiingereza kinazitenga, la sasa hivi "He is selling fish", la siku zote "He sells fish", na Kiswahili cha pwani kina hu- kwa hilo la pili, huuza samaki, ni vile tu wengi wetu tumeiachia vitabuni. Kutoka kwenye -na- ndo tunapata "I am having a car" na "I am knowing him". Kuwa na kitu, kujua, kupenda, kutaka, kuamini, kuelewa, hivyo Kiingereza hakivioni kama vitendo vinavyoendelea, sema tu "I have a car", "I know him".

Haya, sasa "a" na "the", na hapa naomba twende polepole kwa sababu hapa ndo wanafunzi wanapokata tamaa, halafu wanaambiwa jibu ambalo sio kweli, kwamba Kiswahili hakina kitu kama hicho kwa hiyo ukariri tu. Neno lenyewe hatuna. Kazi yake tunayo. Kumbuka hadithi zinavyoanza: paliondokea mzee mmoja, aliishi na mke wake kijijini, basi yule mzee akaenda porini. Mara ya kwanza ni mzee mmoja, hatumjui bado. Mara ya pili ni yule mzee, tumeshatambulishwa. Kwa Kiingereza hiyo ni "an old man" halafu "the old man", hakuna zaidi. Na sio bahati tu zimefanana, "a" na "an" zilitokana na neno la kale la Kiingereza lililomaanisha moja, na "the" ilitokana na neno la kuonyeshea, la jamii ileile ya "that", yaani walianza na mmoja na yule kama sisi, yakatumika mpaka yakasagika yakawa vijineno.

Kuna sehemu nyingine Kiswahili kinafanya kazi ya "the" na hii ni nzuri zaidi. Sema "nimeona gari", halafu sema "nimeliona gari". Ya kwanza mwenzio atauliza gari gani. Ya pili haulizi, anajua ni lile mliloliongelea asubuhi. Hiyo -li- ndogo hapo katikati ndo imefanya gari liwe "the car". Nimenunua kitabu, "a book", nimekinunua kitabu, "the book". Kwa watu haifanyi kazi vizuri kwa sababu "nimemwona mtu" tunasema hata kama hatumjui, ila kwa vitu jaribu uone.

Kwa hiyo ukikwama, rudisha sentensi yako kwenye Kiswahili. Ukisikia unaweza kuongeza mmoja au fulani, weka "a". Ukisikia ile, yule, lile au kiambishi cha katikati kinakaa vizuri, weka "the". Ukisikia hakuna kinachoingia, unaongelea kitu kwa ujumla wake, usiweke kitu: "Water is life", "Children like sweets". Haitakupatia zote maana kuna za kuzoea tu, mito ina "the" na maziwa hayana, "the Rufiji" lakini "Lake Victoria", "Mount Kilimanjaro" bila kitu, nchi nyingi bila kitu ila zile zenye neno kama jamhuri, falme au muungano, au zilizo kwenye wingi, zinayo, "the United Kingdom", "the Comoros". Lakini itakutoa kwenye kubahatisha.

Kuhusu "a" au "an", sahau herufi, sikiliza sauti. Neno likianza kwa sauti ya irabu, yaani a e i o u za kutamka, ni "an". Ndo maana ni "an hour" kwa sababu "h" haitamkwi, na ni "a university" kwa sababu linaanza na sauti ya "yu". "An NGO", "an MP", ila "a UN officer". Hii "n" ya "an" imewahi kuwachanganya hata wenyewe, aproni ya jikoni zamani waliita "napron", watu wakasikia "a napron" wakadhani ni "an apron", "n" ikahama moja kwa moja. Na sisi tulifanya hivyohivyo tulipochukua kitabu kutoka Kiarabu, kwa Mwarabu ile ki- ni sehemu ya neno, sisi tukasikia ki- ya kiti na kisu tukaunda vitabu.

"He" na "she" sitachukua muda mrefu. Yeye haina jinsia, a- ya anakuja haina jinsia, -m- ya nimemwona haina jinsia, kwa hiyo mtu anayejua kabisa mkewe ni mwanamke bado atasema "My wife, he told me". Dawa yake ni mazoezi ya mdomo, kuongea kwa sauti, kwa sababu kwenye karatasi hukosei. La kujua ni hili la "they" kutumika kwa mtu mmoja usiyemjua jinsia, "If someone calls, tell them I'm out". Wapo wanaosema ni fasheni ya juzi. Waingereza wameandika hivyo tangu karne ya 14, na hata hiyo "you" tunayomwambia mtu mmoja ilikuwa ya watu wengi, ya mmoja ilikuwa "thou", ikafa.

Halafu kuna -ni. Niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani, kiambishi ni kilekile, kitenzi ndo kinakuambia kama unakaa, unaenda au unatoka. Kiingereza kinataka neno tofauti kila mara, "at", "to", "from", na mezani ni "on the table" na kabatini ni "in the cupboard". Hapo hakuna njia ya mkato, ila jizoeze kujifunza kitenzi pamoja na kijineno chake kama vile ni neno moja, "listen to", "depend on", "wait for". Na vile ambavyo havitaki kitu usivipe: "discuss" inabeba "kuhusu" ndani yake tayari, ukisema "discuss about" umeitaja mara mbili. Vivyo hivyo "return back".

Wakati mwingine neno letu moja linatumikia upande wote wa jambo. Kuazima ndo mfano mkubwa, niliazima baiskeli na niazime baiskeli, anayetoa na anayepokea wote wanaazima, kwa hiyo tunasema "Borrow me your pen". Anayepokea ni "borrow", anayetoa ni "lend", sema "Lend me your pen". Kingine ni kuolewa. Dada anasema ameolewa na fulani, anatafsiri "I was married by" halafu analitaja jina, na Mwingereza anaelewa kwamba huyo fulani ndiye padri au shehe aliyefungisha ndoa. Ni "married to", kwa mke na kwa mume sawasawa. Na sana yetu inatufanya tuseme "The food is too sweet" tukidhani tunasifia wakati "too" inamaanisha imezidi mpaka imekuwa tatizo. Ukisifia sema "very".

Vitu visivyohesabika. Tunasema taarifa hizi, vifaa hivi, mizigo yangu, ushauri wake, na vingi kwa Kiswahili viko kwenye wingi au vinaweza kuwa wingi, basi zinatoka "informations", "equipments", "luggages", "advices", "furnitures". Kiingereza kinavihesabu hivi kama maji na mchanga, havina wingi. Ukitaka kuhesabu weka "a piece of" au "two pieces of". Hii ni ya kukariri na orodha yenyewe sio ndefu.

Sasa hili la "yes" na "no" ndo nataka tukae nalo, kwa sababu kukosea "the" hakumpi mtu hasara, ila hapa watu wanakosa kazi na wanasaini vitu wasivyovielewa. Chukua usaili wa udereva. Anayeuliza anasema, "So you don't have a licence for heavy vehicles?" Mwombaji hana leseni ya magari makubwa, anajibu kwa ukweli kabisa, "Yes." Mzungu anaandika: anayo. Baadaye inagundulika hana, anaonekana mwongo, na hakusema uongo hata kidogo.

Kilichotokea ni kwamba ndiyo na "yes" sio kitu kimoja. Wengi wetu tukiulizwa "huna leseni?" tukijibu ndiyo tunamaanisha ndivyo ilivyo, umesema kweli, sina. Ndiyo inakubaliana na maneno ya aliyeuliza. "Yes" haijali aliyeuliza amesemaje, inaangalia jambo lenyewe, lipo au halipo. "Don't you have a licence?" na "Do you have a licence?" jibu lake ni lilelile moja, ukiwa nayo ni "Yes, I do", ukiwa huna ni "No, I don't". Njia salama ni kutojibu neno moja. Malizia sentensi yako, na ukiona sentensi yako ina "not" ndani basi inaanza na "No", haijalishi swali lilikujaje. Wajapani nao wanaingia kwenye mtego huuhuu, lugha yao inakubaliana na muulizaji kama yetu.

Hata Waingereza hawakuwa na maneno mawili tu zamani. Walikuwa na manne, "yea" na "nay" kwa swali la kawaida, "yes" na "no" kwa swali lenye kukataa ndani yake. Kwenye miaka ya 1530 mwanasheria na mwandishi wa Kiingereza, Thomas More, alimshambulia mtafsiri wa Biblia William Tyndale kwa mambo mengi na mojawapo lilikuwa hili la kuchanganya "nay" na "no". Baadaye mawili yakafifia, yakabaki mawili yanayofanya kazi ya manne. Ndugu yake swali hili ni "Do you mind if I sit here?" Ukitaka mtu akae unajibu "No", maana ameuliza kama utachukia. Ukisema "Yes" kwa ukarimu wako umemfukuza.

Kuna msemo wetu, Kiingereza cha kuombea maji, tunausema kumaanisha Kiingereza kidogo cha chini kabisa. Lakini jaribu kuomba maji vizuri. Kiswahili adabu yake iko kwenye neno naomba na kwenye ile -e ya mwisho, naomba unipe maji, na sauti ya upole. Ukihamisha neno kwa neno unapata "Give me water" au "I want water", na mwenye nyumba anasikia amri. Kiingereza adabu yake kimeiweka kwenye kuuliza na kwenye kurudisha kitenzi nyuma, "Could I have some water, please?", hiyo "could" haina uhusiano na jana, ni heshima, na "some" iko pale kwa sababu maji hayahesabiki. Kwa hiyo mtu anayeweza kuomba maji sawasawa ameshajua mambo matatu magumu.

Na pole. Mtu amejikwaa mbele yako unamwambia "Sorry", mgeni anakushangaa, "kwani umenisukuma wewe?" Kwao "sorry" peke yake mara nyingi ni kuomba radhi. Akipata ajali ndogo muulize "Are you all right?", akifiwa "I'm sorry for your loss" inafaa kabisa.

Maandishi sasa, kwa sababu kila anayejifunza lazima atauliza kwa nini "knife" ina "k" na kwa nini "though" na "tough" hazifanani. Kiswahili sanifu kilipangwa na watu waliokaa kamati, mwaka 1930 ilianza Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikishika Kiunguja kama msingi, kwa hiyo unaandika unavyotamka. Kiingereza hakikukaliwa kikao. William Caxton alileta mashine ya kuchapa Westminster mwaka 1476, tahajia zikaanza kuganda kwenye vitabu, lakini irabu za Kiingereza zilikuwa katikati ya kuhama, mabadiliko yaliyochukua takriban mwaka 1400 hadi 1700, midomo ikaenda na maandishi yakabaki. Ile "k" ya "knife" walikuwa wanaitamka kweli. Ila "b" ya "debt" haikuwahi kutamkwa kwa Kiingereza, iliongezwa na wasomi waliotaka neno lifanane na Kilatini.

Kwenye kutamka kuna uongo mmoja unaoumiza watu, kwamba kujua Kiingereza ni kuongea kwa pua kama Mmarekani. Lafudhi sio kosa. Mskoti ana yake, Mnigeria ana yake, Mhindi ana yake. Kinachozuia kueleweka ni kingine, Kiswahili kina irabu tano na Kiingereza cha Uingereza kinafika kama sauti ishirini za irabu ukihesabu na zile za kuunganika, kwa hiyo "live" na "leave" kwetu zinakuwa moja na mtu anasema "I leave in Dodoma", anaonekana anaondoka wakati anaishi. Hiyo fanyia kazi. Na ile "-ed" ya mwisho usiitamke kama silabi kila mahali, "worked" inaishia kwa "t", "played" inaishia kwa "d", ni pale tu neno lilipokuwa linaishia na "t" au "d" ndo inakuwa silabi kamili, "wanted", "needed".

Vitenzi visivyofuata kanuni, go na went, eat na ate, vinachosha, ila angalia ni vipi hasa. Ni vile vinavyotumika kila siku, kuwa, kwenda, kula, kuja, kusema. Neno likitumika kila saa watu hawalisahau umbo lake la kale hata liwe gumu, linalotumika mara chache ndo linanyooshwa. Kiswahili pia, tunasema soma, lala, piga, halafu kuja inakuwa njoo na kwenda inakuwa nenda, na tunasema anakula tukiacha ile ku- ndani wakati anasoma haina. Mgeni anayejifunza Kiswahili analalamika hapohapo.

La mwisho ni nani anaamua lipi sahihi na lipi kosa. Sisi tuna BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu 1967, Wafaransa wana akademia yao tangu 1635, Kiingereza hakina chombo cha namna hiyo. Kuna kamusi na vitabu vya sarufi, vinaandika jinsi watu wanavyotumia lugha. Ndo maana baadhi ya kanuni tulizochapiwa fimbo hazina mwenyewe. Kwamba huruhusiwi kuanza sentensi na "And" au "But", waandishi wazuri wameanza hivyo siku zote. Kwamba sentensi isiishie na kijineno kama "with" au "for", hiyo mshairi wa Kiingereza John Dryden aliilalamikia mwaka 1672 na walimu wakaigeuza sheria, wakati "Who are you talking to?" ndo Kiingereza cha kila siku. Na "colour" na "color" zote sahihi, Noah Webster kwenye kamusi yake ya 1828 aliipa Marekani tahajia zake. Shule zetu na mitihani yetu inafuata ya Uingereza, andika "colour", "centre", "organise". Ukiandikia ofisi ya Marekani tumia ya kwao, ila ndani ya barua moja chagua upande mmoja ukae nao mpaka mwisho.